Kompyuta mpya, gemu nzito: tafuta chanzo kabla hujanunua kitu

Mama mmoja wa Makorora aliniletea kompyuta kwa bajaji, kaifunga kanga kama anavyofungwa mtoto. Nyuma yake kijana wake wa kidato cha nne, kabeba kibodi na nyaya, uso umemshuka. Shikamoo, marahaba, nikawapa kiti. "Baba," akaniambia, "hii nimeichangia kwenye kikoba mwaka mzima. Wiki mbili tu, mwanangu anasema haichezi, nzito. Tulikoulizia tumeambiwa tununue kadi nyingine. Nitoe wapi mimi?"

Nikamuuliza kijana: nyumbani waya wa skrini ulikuwa unauchomeka wapi? Akaniwekea kidole kwenye tundu la juu, karibu na matundu ya USB. Nikauchomeka tundu la chini, lile la kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha za gemu, nikawasha. Gemu iliyokuwa inatoa fremu, yaani picha, 14 kwa sekunde ikapanda mpaka 90 na ushee. Kadi ilikuwamo ndani tangu siku ya kwanza, haijapewa kazi.

Mashine mpya nyingi ninazoletewa hapa Ngamiani, Tanga, kwa lalamiko hili hazijaharibika. Kuna kitu hakikuunganishwa sawa, au hakikuwashwa, au mnunuzi hakupewa alicholipia. Inaniuma kuona mtu aliyejinyima anaambiwa anunue kifaa cha pili kabla ya yeyote kupima kile cha kwanza. Nimepanga dalili kwa maneno ya wanaoniletea mashine, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi zaidi.

Kabla ya kugusa bisibisi

"Nzito" ni neno lenye mambo mengi ndani yake. Mmoja anamaanisha picha inakatikakatika, mwingine gemu inachukua dakika tano kufunguka, mwingine kapigwa risasi na mtu ambaye hajamwona. Kwa hiyo anza na namba.

Fungua gemu, cheza dakika kumi. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikifunguka nenda sehemu ya Performance. Andika vitu vinne kwenye karatasi: kadi ya grafiki inafanya kazi asilimia ngapi, prosesa (ubongo wa mashine) asilimia ngapi, ramu (kumbukumbu ya muda) imejaa kiasi gani, na joto la kadi. Fremu utaziona ukibonyeza Windows na G, au kwa kihesabu kilichomo ndani ya Steam, duka la gemu la mtandaoni.

Kadi ikiwa kwenye asilimia 95 hadi 100 na fremu bado chache, kadi imefika mwisho wa nguvu zake kwa mipangilio uliyoweka. Shusha vivuli na ukubwa wa picha. Kadi ikiwa asilimia 40 na fremu chache, kuna kinachoichelewesha, mara nyingi prosesa au ramu. Usidanganyike ukiona prosesa imeandikwa asilimia 35: prosesa ina viini vingi, na gemu inaweza kukibana kimoja mpaka mwisho huku vingine vimelala. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia uchague kuona kila kiini peke yake. Kadi ikisoma sifuri wakati gemu inakimbia, jibu lako liko kwenye dalili inayofuata.

"Tangu siku ya kwanza, gemu zote nzito"

*Waya wa skrini.* Huu ndio namba moja. Tazama mgongo wa mashine ikiwa imesimama. Juu kuna kundi la matundu ya USB, ya sauti na ya intaneti; tundu la HDMI likiwa humo, hilo ni la mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine. Chini yake kuna mstari mwingine wa matundu yaliyolala, HDMI na DisplayPort, pale ambapo kadi imefungwa kwa skrubu. Waya wako uende huko chini. Zima mashine, hamisha, washa. Ukiwa na prosesa ya Intel ambayo jina lake linaishia na F, kama i5-12400F, kosa hili utalijua mapema kwa sababu tundu la juu halitoi picha kabisa. Zenye grafiki ya ndani zinatoa picha nzuri tu, ndiyo maana watu wanakaa miezi bila kugundua.

*Draiva.* Hii ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na kadi. Windows mpya huweka draiva ya kukuwezesha kuona picha, siyo lazima ile ya kuchezea. Kwenye Device Manager, ukikuta kadi imeandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", draiva haimo. Ichukue kwenye tovuti ya waliotengeneza chipu, yaani NVIDIA, AMD au Intel. Usiichukue kwenye tovuti za "draiva zote bure". Nimeshatoa virusi vya kutosha vilivyoingilia mlango huo. Kama mashine ilikuwa na kadi ya kampuni nyingine hapo awali, futa draiva ya zamani kwanza kwa programu inayoitwa Display Driver Uninstaller, kisha weka mpya.

*Ramu.* Hapa pana mambo mawili ambayo wauzaji wengi hawayagusi. La kwanza, kijiti kimoja cha GB 16 na viwili vya GB 8 vinajumlisha sawa, lakini havifanyi kazi sawa. Viwili hufungua njia mbili za data, kimoja njia moja. Kwa mashine isiyo na kadi, inayotegemea grafiki ya ndani ya prosesa kama Ryzen 5 5600G, tofauti hiyo utaiona kwa macho, maana grafiki ya ndani inaishi kwa ramu hiyohiyo. Na vijiti viwili vikiwekwa kwenye mazabodi yenye nafasi nne, vinakaa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, siyo vimebanana kwenye ya kwanza na ya pili.

La pili ni kasi. Ramu imeandikwa 3200 lakini Task Manager inasoma 2133 au 2400; au ni DDR5 ya 6000 inasoma 4800. Haijafa. Mazabodi imeanza na kasi ya tahadhari, na kasi iliyoandikwa kwenye kijiti inawashwa ndani ya BIOS, ile menyu ya mazabodi yenyewe kabla Windows haijafunguka, mahali palipoandikwa XMP au EXPO. Washa, hifadhi, toka. Ikigoma kuwaka baada ya hapo, subiri dakika chache. Bodi nyingi hujaribu mara kadhaa kisha hurudi zenyewe kwenye kasi ya awali. Usibadilishe kitu kingine humo ndani kwa kubahatisha, hasa namba za volti.

*Nafasi ya kadi.* Mazabodi inaweza kuwa na nafasi ndefu mbili zinazofanana, lakini ya juu, iliyo karibu na prosesa, ndiyo yenye njia 16 kamili za data, zinazoitwa PCIe. Ya chini mara nyingi ina 4 tu. Kuna kadi zenyewe zilizotengenezwa na njia chache: RX 6500 XT ya mwaka 2022 ina njia 4 za PCIe 4.0, na ukiiweka kwenye bodi ya zamani ya PCIe 3.0 upana wa njia hizo unabaki nusu. Mtu anainunua kuchangamsha mashine ya zamani, kumbe hapo ndipo inapopoteza zaidi.

*Kadi siyo uliyolipia.* Haipo juu kwenye orodha, lakini nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo inayoumiza watu zaidi.

Yapo matatizo ya jina bila uongo. GT 1030 inauzwa kwa aina mbili, moja ya kumbukumbu ya GDDR5 na nyingine ya DDR4. Ya kwanza inapitisha GB 48 kwa sekunde, ya pili 16.8. Jina moja, boksi linafanana, nguvu ni mbalimbali kabisa. RX 580 nayo ipo yenye viini 2304, na ipo ya 2048SP yenye 2048. Soma boksi mpaka mwisho wa maandishi.

Kisha upo wizi wenyewe. Mtu anachukua kadi ya zamani, mathalani GTX 550 Ti ya mwaka 2011, anaiandika upya programu yake ya ndani ijitambulishe kama GTX 1050 Ti, anaifunika plastiki mpya. Windows inasoma jina aliloandika. Task Manager nayo inakubali. Kijana anaona 1050 Ti, anaona 4GB, anajiuliza kosa lake liko wapi. 1050 Ti ya kweli ina viini 768. 550 Ti ina 192.

Kuigundua siyo kazi ngumu. Weka programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z. Ikitambua kadi bandia, inaandika neno FAKE mbele ya jina. Halafu angalia matundu ya nyuma: kizazi cha GTX 1000 kiliacha picha ya analogi, kwa hiyo ukiona tundu la VGA la bluu, lile la skrini za zamani, kwenye kadi inayojiita 1050 Ti, shuku papo hapo. Piga picha ya GPU-Z, piga picha ya kadi, chukua risiti, rudi dukani mapema. Usijaribu kuiandika upya mwenyewe. Haitageuka kuwa kadi uliyolipia, na dai lako litakuwa limedhoofika.

Prosesa nayo ina mtego wake. "Ni Core i7, kaka," wananiambia. Ya kizazi gani? Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011, ina viini 4 na nyuzi 8, yaani inashika kazi nane kwa mpigo. Core i3-12100 ya mwaka 2022 ina idadi hiyohiyo, na inaiacha mbali sana kwenye gemu. Kava jipya la kioo lenye feni za taa linaweza kubeba mashine ya ofisi ya zaidi ya miaka kumi. Kununua iliyotumika si vibaya, wengi tumejifunzia hizo, ila bei iwe ya iliyotumika.

"Inaanza vizuri, baada ya robo saa inashuka"

Dalili hii kwa Tanga karibu kila mara ni joto, na msimu wake ni kaskazi. Kuanzia Desemba hadi Machi chumba cha bati kikifungwa mchana, hewa inayoingia kwenye mashine ni ya moto hata kabla haijapita kwenye chuma. Prosesa ikifikia kikomo chake, nyingi ni kati ya nyuzijoto 95 na 100, inajipunguzia kasi isiungue. Fremu zinaanguka, unapumzika kidogo, zinarudi.

Pima kwa programu ya bure ya HWiNFO au programu ya waliotengeneza kadi. Kadi ikicheza kati ya 65 na 83, iache. Prosesa ikipita 90 kwenye gemu ya kawaida, tafuta sababu. Jaribio la kwanza halina gharama: fungua ubavu wa kava, elekeza feni ya chumbani, cheza tena gemu ileile. Fremu zikitulia, tatizo ni hewa.

Kisha angalia ilipowekwa. Nimekuta mashine ndani ya kabati la televisheni, mgongo umebanwa na ukuta, juu imetandikwa kitambaa cha kufuma kuzuia vumbi. Itoe. Iache nafasi ya kiganja nyuma na pembeni, isikae sakafuni, na isitazamane na dirisha linalopokea upepo wa baharini. Wenye nyumba za Raskazone wanalijua hili kwa madirisha na majiko yao: chumvi haichagui chuma. Kwenye kompyuta inaanza na skrubu na matundu ya nyuma, ndani ya miezi unaona ukungu wa kijani kwenye shaba.

Mwelekeo wa feni: za mbele zivute hewa ndani, ya nyuma itoe nje. Shika kipande cha karatasi laini mbele ya kila feni, utajua. Nimekuta mashine mpya zote tatu zinasukuma ndani, hewa ya moto haina pa kutokea.

Na kuna lile la plastiki. Chini ya kipoza joto cha prosesa, kiwandani wanabandika karatasi nyembamba ya nailoni kulinda uso wake, imeandikwa uiondoe kabla ya kufunga. Anayeunganisha kwa haraka anaisahau. Nilifungua mashine ya mwezi mmoja iliyokuwa inagonga 100 ikifungua tu gemu. Kipoza joto kikatoka na ile nailoni imejikunja pembeni, pesti, ile dawa ya kupitisha joto, imekauka upande mmoja kama uji uliomwagikia sufuria, upande wa pili haujagusa prosesa hata kidogo. Nikaitoa, nikasafisha kwa spiriti, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya dengu. Ikakaa 68 jioni nzima.

Kama hujawahi kufungua kipoza joto, hapa ndipo pa kusimama. Kwenye soketi ya AM4, ya prosesa nyingi za AMD Ryzen, ukivuta kwa nguvu prosesa inang'oka pamoja nacho, pini zinapinda. Iwashwe kwanza ipate joto pesti ilainike, izimwe, ichomolewe umeme, kisha kipoza joto kizungushwe kidogokidogo kushoto na kulia kabla ya kuinuliwa. Muombe fundi akufanyie ukiangalia.

"Kasi ipo, lakini inakwamakwama"

Fremu 80, halafu kitu kinashtuka, kama gari lenye maji kwenye mafuta.

Ikitokea dakika za kwanza tu za gemu mpya, au baada ya kusasisha draiva, vumilia. Gemu inaandaa hesabu za picha zake kwa ajili ya kadi yako, na ikishamaliza inatulia. Windows nayo wiki ya kwanza inapakua masasisho na kuorodhesha mafaili. Iache imeunganishwa usiku mmoja imalize.

Isipotulia, angalia ramu. GB 8 kwa gemu za leo, na Chrome ikiwa wazi nyuma, hazitoshi. Kinachozidi kinahamishiwa kwenye diski, na hapo ndipo mshtuko unapotoka. Funga vingine vyote ujaribu. Kisha diski yenyewe: gemu iko kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka, au kwenye diski ya kuzunguka? Ya kuzunguka inasoma MB 100 hadi 200 kwa sekunde, SSD ya SATA inafika karibu 550. Mashine nyingi zinauzwa na SSD ndogo ya Windows na diski kubwa ya zamani, na gemu zinaishia kwenye ile kubwa. Hamisha moja uone. SSD nayo usiijaze mpaka pomoni.

La mwisho, gemu za kunakiliwa kwenye flashi. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu najua bei ya gemu halisi na najua mfuko wa kijana. Baadhi zinakuja na programu iliyojificha inayotumia kadi yako kuchimba sarafu za mtandaoni kwa faida ya mtu mwingine. Mashine ikiwa haina kazi yoyote, kadi inasoma asilimia 90 na feni zinavuma usiku, usitafute sababu nyingine. Nakili kazi zako za shule, futa kila kitu, weka Windows upya.

"Namba inasema 140, macho hayaoni"

Skrini ya 144 Hz, yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, huanza kwenye 60 mpaka uibadilishe mwenyewe: Settings, System, Display, Advanced display. Ikikosekana 144 kwenye orodha, jaribu waya wa DisplayPort. Anayetumia televisheni ya 4K kama skrini ajue ana nukta 8,294,400 za kuchora badala ya 2,073,600 za 1080p, yaani mara nne. Shusha gemu iwe 1080p, na kwenye televisheni washa hali ya gemu, vinginevyo kila kitufe kitachelewa hata fremu zikiwa nyingi.

"Mtandaoni tu ndiyo inasumbua"

Gemu ya peke yako ikienda vizuri, mashine haina kosa. Tazama pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi. Gemu ya Counter-Strike 2 ina seva Johannesburg. Ukijikuta umeunganishwa Ulaya utaona tofauti. Tumia waya badala ya Wi-Fi, na ukiwa kwenye data ya simu, jaribu alfajiri ulinganishe na saa mbili usiku.

"Inazima katikati ya gemu" au "inajiwasha upya"

Hapa punguza ujasiri. Ukishahakikisha si joto, kinachobaki mara nyingi ni pawa saplai, boksi linalogawa umeme ndani ya mashine, na hicho ni kifaa kinachoweza kuua mtu.

Unachoweza kukagua bila hatari: kadi imechomekwa nyaya zake zote za umeme, zimeingia mpaka zimelia "tak"? Watengenezaji wanapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa RTX 3060. Stika ya yako inasema ngapi, na kwenye mstari wa volti 12 inasema ngapi? Saplai za bei ya chini zinaandika 600 kwa herufi kubwa, huku mstari wa volti 12, unaolisha kadi na prosesa, ukibeba nusu yake. Mashine iko kwenye ekstensheni moja na friji? Itenge. Umeme ukipanda na kushuka mtaani kwenu, stabilaiza au UPS inatangulia kabla ya feni za taa.

Saplai nyingine zina swichi nyekundu nyuma, 115 na 230. Kwetu ni 230. Usiiguse. Ikiwekwa 115 na kuwashwa, inalipuka hapohapo.

Chomoa kwenye umeme na uache kabisa ukiona lolote kati ya haya: harufu ya kuungua, mlio wa kupasuka, kava linalokutekenya ukiligusa kwa mkono wenye jasho, plagi ya kadi iliyogeuka rangi ya kahawia, au ikizima na kugoma kuwaka. Usifungue boksi la pawa saplai kwa sababu yoyote. Kapasita zake zinabaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Kava linalotekenya ni dalili ya kukosa waya wa ardhini, na hilo ni la fundi umeme wa nyumba, siyo la fundi kompyuta.

Ukienda kwa fundi, beba risiti, boksi la kadi na ile karatasi ya namba ulizoandika. Mashine ikiwa ndani ya waranti, anza kwa aliyekuuzia na usichane stika zake. Muombe fundi afungue mbele yako, apime kabla ya kutaja bei. Akibadilisha kitu, kile cha zamani akutie mkononi, uondoke nacho.